Ukikua Unataka Kuwa Nani?

Sidhani kama yupo mtoto aliyepita shule ya msingi hapa kwetu bila kuulizwa swali hili. Mwalimu anasimama mbele, anamnyooshea kidole mmoja mmoja: "Wewe, ukikua unataka kuwa nani?" Nasi tulijibu tumesimama, mikono nyuma, kwa sauti ya kuimba: daktari, rubani, mwalimu, mwanajeshi. Mwenzetu mmoja alisema anataka kuwa konda wa daladala, akachekwa mpaka akalia. Mimi nilisema rubani. Ndege nilikuwa nazijua kwa tumbo tu, zilipokuwa zikipita juu ya mabati yetu ya Temeke kwenda kutua.

Leo nina miaka 21. Nimemaliza kidato cha sita kwa mchepuo wa HKL, yaani Historia, Kiswahili na Kiingereza, nikapata Daraja la Pili. Baada ya matokeo sikuomba chuo, maana mama aliugua na ilibidi nishike mwiko kwenye kibanda chake cha mamantilie hapa Tandika. Mwaka mzima nimepika wali, nimeosha sahani, na jioni nimewafundisha insha mabinti wawili wa jirani walio kidato cha pili. Usiku, kama mgongo umeniruhusu, nimeandika riwaya yangu kwenye kaunta buku. Ina sura tatu. Sasa mama kapona, dirisha la maombi ya vyuo limefunguliwa, na lile swali la darasa la tatu limerudi. Safari hii halitaki wimbo. Linataka namba ya mtihani, namba ya simu, na masomo unayoyaomba kwa mpangilio: chaguo la kwanza, la pili, la tatu.

Nimekaa na swali hili wiki tatu sasa, na nimeona nililete hapa kwenu, kwa sababu najua wengi wetu tunaosoma kurasa hizi tuko kwenye foleni hiyo hiyo.

Hebu kwanza tulitazame lenyewe. Kiswahili hakimwulizi mtoto atafanya nini. Kinamwuliza atakuwa nani. Kana kwamba kazi ni ngozi, ukishaivaa haivuki. Ndiyo maana yule mwenzetu wa konda alilia: alidhani amejibu kuhusu kazi, kumbe darasa limemsikia akitaja thamani yake. Na sisi wengine tulijifunza siku ile ile kwamba jibu zuri ni lile ambalo watu hawalicheki. Nahofia wengi wetu bado tunalijibu swali hivyo hivyo, tukiwa tumesimama, mikono nyuma, tukitazama sura za wanaosikiliza.

Kwangu mimi wasikilizaji ni watatu. Mama anataka niwe mwalimu. Anasema mwalimu hafi njaa, na hata akistaafu watu bado watamwamkia njiani. Shangazi anataka nisome sheria, kwa sababu ati naongea sana na sikubali kushindwa. Wenzangu wa Jumamosi, tunaokutana kusomeana hadithi, wao wanasema mwandishi wa kweli haombi chuo, aandike, basi. Mmoja alinitazama kwa huruma kabisa akasema, "Dada, ukiingia kwenye mfumo, umekwisha."

Na mimi? Mimi nataka kuandika riwaya. Hilo nalijua kama ninavyojua jina langu. Lakini hakuna fomu yenye kisanduku cha riwaya, na wali wa mamantilie hauivi kwa sura tatu.

Basi nikaanza na wazee wa zamani, maana husemwa penye wazee hapaharibiki neno. Nikaenda kwenye methali. Ajabu ni kwamba methali zetu hazimpendi mtu anayechagua. Mchagua jembe si mkulima. Mchagua nazi hupata koroma. Mshika mbili moja humponyoka. Ukizisikiliza zote, utadhani wahenga walikuwa wanasema: kijana, pokea ulichopewa, kalime. Na wana hoja yao. Aliyezitunga hizo alikuwa na jembe moja au mawili mbele yake, na mvua imekaribia. Kusimama kulinganisha mipini ilikuwa ni kuchezea njaa ya nyumba nzima.

Ila wahenga hao hao wamesema tena: maji usiyoyafika hujui wingi wake. Hapo ndipo penye kasheshe. Mimi natakiwa kuchagua maji ambayo sijayafika. Sijawahi kuingia mahakamani hata kama shahidi. Kwa kweli nilianza kuchagua kabla sijajua kama nachagua. Nilipoingia kidato cha tatu niliacha Fizikia na Kemia. Ukiniuliza leo nitakwambia napenda fasihi, na ni kweli, lakini ukweli mwingine ni kwamba shuleni kwetu mwalimu wa Fizikia hakuwepo, na maabara ilikuwa na stuli tu. Milango iliyobaki wazi nikaiita wito wangu. Sijui ni wangapi kati yetu wana wito wa aina hiyo.

Watu wazima wanafahamu kwamba hatujui, kwa hiyo wanatushauri tufuate kilicho salama. Lakini salama nayo ina mambo yake. Shangazi anaposema sheria, anaona joho na gari. Shahada ya sheria peke yake haimfanyi mtu kuwa wakili. Lazima apitie Shule ya Sheria kwa Vitendo, iliyoanzishwa kwa sheria ya mwaka 2007. Mwaka 2022 nchi nzima ilizungumzia matokeo yake: kati ya watahiniwa 633, waliofaulu mitihani yote walikuwa 26. Bunge lilizungumza, magazeti yaliandika, kamati ikaundwa. Siandiki haya kuwatisha wanaoipenda sheria. Nasema tu kwamba 607 waliobaki nao waliambiwa na shangazi zao kwamba njia hiyo ni salama. Na ualimu? Mitaani kwetu wapo walimu wenye vyeti wanaouza vocha. Kama usalama ndio hoja, basi hoja hiyo haina pa kusimama.

Ikabaki hoja nzito zaidi, ambayo siwezi kuicheka. Deni.

Mimi sikusomeshwa na moyo wangu. Nilisomeshwa na mama na mjomba. Ndiyo, ada ya kidato cha tano na sita ilifutwa mwaka 2022, lakini godoro halikufutwa, wala nauli ya kwenda bweni, wala sare, wala daftari, wala dawa. Mama ameamka saa kumi usiku tangu nikiwa chekechea. Mjomba ni fundi gereji, na kuna mwaka aliuza jeki yake kubwa ili mimi niondoke na sanduku. Nikienda chuo kwa mkopo, nitakuwa na mdai mwingine: Bodi ya Mikopo, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 2004, ambayo humkata mnufaika aliyeajiriwa asilimia 15 ya mshahara wake kila mwezi mpaka amalize. Yaani hata mshahara wangu ambao haujazaliwa tayari una mwenyewe. Sasa mtu kama mimi anasimamaje kusema "nataka", kama vile alijizaa na kujilea?

Mwalimu Nyerere aliliweka jambo hili vizuri kuliko wote. Mwaka 1964, akihutubia Bunge, alimfananisha msomi wa nchi maskini na mtu aliyepewa chakula chote kilichobaki katika kijiji chenye njaa, ili apate nguvu za kwenda mbali na kurudi na chakula kwa wenzake. Mtu huyo akila asirudi, ni msaliti. Mwalimu hakuwa akitania. Oktoba 1966 wanafunzi wa elimu ya juu hapa Dar es Salaam walipoandamana kupinga masharti ya Jeshi la Kujenga Taifa, aliwarudisha makwao karibu 400, na akatangaza kujipunguzia mshahara wake mwenyewe kwa asilimia 20.

Mfano huu ulininyima usingizi siku mbili. Nilijiona nimeshika kaunta buku langu na sura zake tatu, nimevimbiwa chakula cha kijiji. Siku ya tatu, nikiwa nachambua mchele, nikaona kitu ambacho sikukiona mwanzoni. Wanakijiji walimpa yule mtu chakula na wakamwambia arudi. Hawakumwambia apite njia gani. Wasingeweza, maana huko mbali hakuna kati yao aliyewahi kufika. Wangemlazimisha apite njia wanayoijua wao, angeishia kwenye kijiji cha jirani, nacho kina njaa ile ile. Deni ni la kurudi na mzigo. Njia ni ya mwenye miguu.

Utaniuliza, na riwaya ni chakula? Swali la haki. Riwaya haipakuliwi. Lakini nakumbuka kwamba Mwalimu huyo huyo, akiwa mkuu wa nchi yenye njaa na maradhi, alikaa akatafsiri tamthilia za Shakespeare, moja ikachapishwa mwaka 1963 na nyingine, Mabepari wa Venisi, mwaka 1969. Kama Rais aliona hilo si kutupa chakula, mimi nani niseme ni kutupa?

Nikawageukia waandishi wetu, nikitafuta faraja. Nikaipata, tena nyingi. Shaaban Robert alikuwa karani wa forodha kuanzia mwaka 1926 hadi 1944, kisha akaendelea na kazi za serikali katika idara nyingine. Mshahara ulimlipa karani, vitabu akaviandika mshairi. Muhammed Said Abdulla wa Unguja, aliyetupa Bwana Msa, alifanya kazi katika idara ya afya kabla ya kuwa mhariri wa gazeti mwaka 1948. Euphrase Kezilahabi alikuwa mwalimu. Nikashangilia: kumbe kazi na riwaya vinaweza kulala nyumba moja!

Lakini baadaye nikaistukia furaha yangu. Hao nawajua kwa sababu walimaliza vitabu vyao. Na wale makarani wengine wa forodha waliokuwa na daftari mtoni, wakasema wataandika wakistaafu? Na wale walimu wenye sura tatu tu sandukuni? Hao hawamo kwenye maktaba yoyote, kwa hiyo hawawezi kunishauri. Ukihesabu waliovuka mto peke yao, utasema mto huu hauna mamba. Basi nikawashukuru wakubwa wetu hao, nikawaacha wapumzike. Hawakuwa na jibu langu.

Ndipo nikaenda gereji kwa mjomba.

Nilimkuta kainama juu ya Hiace, boneti wazi. Ameshika bisibisi ndefu, ncha yake kaiegemeza kwenye injini na mpini kauweka sikioni, kama daktari na kile kipimo chake cha kifua. Akaninyooshea mkono ningoje. Nikangoja. Kisha akamwambia kijana wake azime, akaniona.

"Shikamoo mjomba."

"Marahaba, mama. Mgonjwa wetu?"

"Hajambo. Leo kashika sufuria mwenyewe."

"Alhamdulillahi. Enhe?"

Mjomba wangu hakusoma chuo. Alitaka kuwa baharia. Alipomaliza darasa la saba babu akamshika mkono mpaka gereji, akamkabidhi kwa fundi, basi. Nilimwuliza kama alimchukia babu. Akacheka. "Mwaka wa kwanza nililia kila siku, nikiona meli nageuza uso. Mwaka wa nne hivi, siku moja gari limekuja lina mlio, mafundi wote wamekaa nalo limewashinda. Mimi nikasikia. Sijui nikwambieje. Nikasikia kabisa ni wapi. Toka siku hiyo naipenda."

Neno hili nililitia kichwani. Tunaambiwa utafute kwanza kitu unachokipenda, kisha ukifanye kazi. Kumbe wapo waliokipenda wakiwa tayari ndani, mikono imeshaoza kwa grisi. Lakini pia sikulimeza lote. Mjomba alibahatika. Pale pale gerejini alikuwepo fundi mwingine wa umri wake aliyeletwa kwa njia ile ile, naye mpaka leo anavuta spana kama mtu anayevuta kifungo.

Nikakata shauri kuuliza lililonileta. "Mjomba, wewe unataka nisome nini?"

Akafuta mikono kwa tambara, polepole, kidole kimoja kimoja. Akasema, "Mama, mimi nilinunua godoro. Sikununua kichwa. Chagua mwenyewe. Utakalochagua, siku ya mahafali mie nitakuja nimechomekea shati."

Msomaji, hebu fikiri. Mtu mwenye haki zaidi ya kunidai amenisamehe deni mbele ya mashahidi. Ilinipasa niruke juu. Badala yake nilitembea kutoka gereji mpaka nyumbani nikiwa na baridi tumboni, kama ile ya asubuhi ya mtihani. Nilikasirika. Nilimkasirikia mjomba kwa kuwa mwema! Usiku ule kaunta buku nililifungua, sikuandika hata mstari.

Ilinichukua siku kadhaa kukubali sababu. Mimi sikwenda gereji kutafuta ruhusa. Nilikwenda kutafuta amri. Nilitaka aseme, "Soma sheria," ili nilie kidogo, nitii, na tangu siku hiyo niwe na maelezo. Riwaya isipoandikwa, ni mjomba. Nikiwa mwanasheria mbovu, ni mjomba. Nikizeeka na sura tatu, nitawasimulia wajukuu: bibi yenu angekuwa mwandishi mkubwa, ila ukoo ulimzuia. Hadithi tamu hiyo, tena inauzika. Mjomba kwa maneno mawili kaninyang'anya.

Baada ya hapo nikawaona watu wawili ninaowajua kwa jicho jingine. Wa kwanza ni binamu yangu mkubwa, mhasibu. Baba yake alimchagulia uhasibu, naye akatii. Ana mshahara na nyumba. Lakini mwulize lolote, kwa nini hana raha, kwa nini anachelewa kazini, kwa nini hajajifunza gitaa alilolililia, jibu ni moja: "Mzee ndiye aliyetaka." Mzee amekufa miaka sita iliyopita, bado anaulizwa maswali.

Wa pili ni jirani yetu. Huyu aliasi. Aliacha shule kidato cha tatu, akafuata muziki, nasi vijana wa mtaa tulimwona shujaa. Alitoa wimbo mmoja, ukapigwa pigwa, ukaisha. Leo anakaa kijiweni, na ukimkuta utasikia: "Home hawakunisapoti. Hii nchi haitaki vipaji." Inawezekana kabisa hawakumsaidia. Inawezekana nchi ina makosa yake, tena mengi. Lakini namsikiliza yeye, namsikiliza binamu yangu, nasikia wimbo mmoja. Mmoja alitii, mwingine aliasi, wakakutana kwenye benchi moja la walalamikaji. Kutii hakukumponza yule wala kuasi hakukumponza huyu. Wote wawili walichagua huku wameacha mlango wa nyuma wazi, na kwenye mlango huo wamemsimamisha mtu wa kumlaumu.

Kuna kitabu chakavu nilikinunua kwa wauza vitabu wa Posta, cha Mfaransa Jean-Paul Sartre, kilichotokana na mhadhara alioutoa Paris mwaka 1945. Anasimulia habari za mwanafunzi wake wakati wa vita. Kaka wa kijana huyo aliuawa mwaka 1940 Wajerumani waliposhambulia, na mama yake amebaki naye peke yake. Kijana anataka kwenda Uingereza kujiunga na wapiganaji wa Ufaransa huru. Akienda, mama atazama katika simanzi. Akibaki, atakuwa amewaachia wengine vita vyake. Akaenda kwa mwalimu wake kuomba ushauri. Sartre hakumpa njia. Alimwambia kwamba yuko huru, na kazi ya kuchagua ni yake.

Niliposoma mara ya kwanza nilimwona mzungu huyu hana huruma. Mtu analia, wewe unamrudishia mzigo! Baada ya gereji nikamwelewa, maana alilosema Sartre kwa falsafa, mjomba alilisema kwa godoro. Na liko jambo jingine humo lililonichoma. Anasema mtu anapochagua wa kumwomba ushauri, mara nyingi tayari anajua ushauri gani anautaka. Nilijitazama: nikitaka kusikia "andika", nakwenda kwa wenzangu wa Jumamosi. Nikitaka kusikia "acha utoto", nakwenda kwa shangazi. Wiki tatu nimezunguka Dar es Salaam nzima nikijiuliza mwenyewe swali kwa midomo ya watu.

Lakini hapa naachana kidogo na Sartre. Uhuru wake unanikaa vibaya mabegani, kwa sababu mimi siko peke yangu hata nikichagua peke yangu. Mama yumo, jeki iliyouzwa imo, kijiji kinangoja. Siwezi kujifanya sioni. Ninachosema ni hiki: watu wanaotupenda wana haki ya kuingia katika sababu zetu. Hawana wajibu wa kuingia katika visingizio vyetu. Nikimweka mama kwenye mizani kabla ya kuchagua, ni heshima. Nikimbandika mama kwenye makosa yangu baada ya kuchagua, ni dhuluma, tena kwa mtu aliyeamka saa kumi usiku kwa ajili yangu miaka yote hiyo. Kumlaumu mtu aliyekulisha kwa maisha uliyoyaishi wewe: mimi sijui jina jingine la jambo hilo.

Na ndiyo maana nadhani tunalikosea swali. Tunasumbuka kujua chaguo lipi ni sahihi, na hilo katika umri huu hakuna anayelijua, maji hatujayafika. Linalowezekana kujulikana leo ni moja dogo: hili nitakalochagua, niko tayari kulibeba likinishinda? Bila kumtafuta mwenzangu wa kumtwisha?

Jumanne nilikwenda steshenari ya jirani yenye kompyuta, nikalipia saa moja. Nilijaza ualimu, kwa masomo ya Kiswahili na Historia.

Najua wenzangu wa Jumamosi mtaguna. Najua mama atadhani ameshinda. Basi nieleze sababu zangu, maana nimesema lazima ziwe zangu. Sheria niliipenda kwa sababu shangazi angenipenda. Kubaki kibandani niandike tu, hilo nimelijaribu mwaka mzima, na sura zimekuwa tatu. Mwaka wa pili najua zingekuwa tatu na nusu na visingizio kumi. Na jambo la mwisho: mmoja wa wale mabinti wa insha, juzi aliandika kuhusu mkono wa bibi yake unavyopepeta mchele. Kabla ya hapo alikuwa akiandika, "Bibi yangu ni mzuri na nampenda sana." Niliposoma ule mkono, nilisikia kitu kifuani. Labda ndivyo mjomba alivyoisikia ile injini. Labda sivyo. Lakini nilisikia mimi, hakuniambia mtu.

Inawezekana nitahitimu nikakosa ajira. Inawezekana nitapelekwa mbali, kwenye madarasa yenye wanafunzi mia, nirudi usiku nimechoka, kaunta buku liliwe na mchwa. Yote nimeyaweka mezani. Usiku ule nilimwambia mama. Akapiga kigelegele. Nikamwambia, "Mama, sikuchagua kwa sababu ulisema." Akanitazama, akarudi kuchambua dagaa, akasema, "Haya. Almuradi usije ukanisema mbele."

Kumbe na yeye alikuwa anajua.

Kwa hiyo naomba mnishuhudie, nyinyi mnaosoma hapa. Mkinikuta baada ya miaka kumi, nimekaa kwenye benchi, nasema ualimu umeniua, mama alitaka, nchi haipendi vipaji, nitoleeni toleo hili la gazeti letu mnisomee kwa sauti. Na kama riwaya itakuwa haijaisha, msiniulize nani aliizuia. Niulizeni nimefika sura ya ngapi.

Nawe mwenzangu uliye kwenye foleni, fomu iko mbele yako na saa inakwenda. Kabla hujabonyeza, geuka nyuma utazame ule mlango. Nani umemsimamisha pale?